Maganda Manene

"Laini zaidi," alisema Yaeko, na kisu kikarudi juu ya ubao, ta-ta-ta-ta, kama mvua inayoanza kupiga bati. "Ukiacha mapande, kopo linabaki na hewa katikati. Mashine haijui kusamehe hewa. Itakupa namba ya uongo, nawe utaiamini kwa sababu imeandikwa kwenye karatasi."

Wanafunzi kumi na wawili walikuwa wamemzunguka, miguuni wana soksi tu, viatu vyao vimepangwa mlangoni. Hao ndio darasa zima la kemia la mwaka wa tatu. Mji ule wa bondeni, huku kwetu Fukushima, haukuwa tena na watoto wa kujaza darasa. Mwalimu wao, Shibukawa, kijana kutoka Osaka aliyependa kuchomeka tai yake mfukoni mwa shati ili isitumbukie kwenye vikombe vya maabara, alikuwa amewaleta kwa miguu mpaka kwenye ukumbi wa mtaa, chumba cha kupimia mionzi ya vyakula. Mashine ya chumba kile ilizungukwa na kuta nene za madini ya risasi, nzito kama ng'ombe. Haikuhamishika.

"Mwangalieni vizuri Mama Hangai," alisema mwalimu. "Mimi mionzi nimeisoma vitabuni miaka sita. Yeye ameikata kwa kisu miaka kumi na miwili."

Wakacheka. Yaeko akainamisha kichwa, akapangusa ubao uliokuwa tayari mkavu. Shule aliiacha na miaka kumi na mitano, akaingia kiwanda cha soksi. Leo alikuwa anafundisha. Tangu alfajiri hakuwa ametulia, na si kwa sababu ya watoto wa watu. Ni kwa sababu ya mmoja aliyesimama nyuma kabisa, karibu na dirisha, akiangalia nje kana kwamba mwanamke mwenye aproni pale mbele hamjui: Koharu, bintiye.

"Mama," akauliza kijana mmoja mrefu, Ryoga, ambaye mdomo wake haukukaa, "ukimaliza kukata huo uyoga, tunakula?"

"Kula wewe. Mimi nitakuingiza kwenye kopo nikusome namba."

"Hatoenea!" mtu akasema.

"Ndiyo maana nimesema nitakata laini."

Hapo hata Koharu alitabasamu kidogo, kisha akajikumbuka akafuta tabasamu.

Yaeko akaufungasha uyoga ndani ya kopo, akaushindilia kwa mgongo wa kijiko mpaka kwenye mstari mwekundu, akapima uzito, akafunika. Akaosha kisu. Akakiosha tena. Kisu cha uyoga kisipooshwa, aliwaeleza, mboga ya mtu mwingine itabeba dhambi isiyo yake. Alipolisema hilo akajiuliza kwa nini alichagua neno hilo.

Mwalimu Shibukawa naye alikuwa akisogeza kijichombo cha mkononi cha kugundua mionzi juu ya vitu mezani. Juu ya meza tupu kilitoa mlio mmoja mmoja, tik, tik, wa saa iliyochoka. Juu ya mwani mkavu wa kuchemshia supu, kikachangamka.

"Mwani?" Ryoga akaruka. "Huo si wa kaskazini kabisa, Hokkaido? Umelipukiwa na nini?"

"Haujalipukiwa na kitu. Ni potasiamu yake ya asili, imekuwamo tangu dunia iumbwe. Wewe pia unayo. Ndani yako sasa hivi, kila sekunde, atomu zaidi ya elfu tatu zinavunjika."

"Kumbe ndiyo maana nachoka darasani."

"Hiyo ni michezo ya simu, bwana. Usiisingizie potasiamu." Mwalimu akapiga makofi. "Haya. Niliwaomba mlete kitu cha zamani. Kitu kilichokaa tangu mwaka ule kinu cha nyuklia kilipolipuka. Hata nikiandika ubaoni mwezi mzima kuhusu nusu-maisha, kuona kwa macho ni jambo jingine. Nani amepata?"

Wakatazamana. Nyumba gani ingeweka chakula cha mwaka ule? Kila mtu alichimba, alifukia, alichoma, alitupa.

"Mimi," akasema Koharu.

Akaja mbele na mfuko wa kubebea vyakula vya barafu. Akafungua zipu, akatoa mfuko mdogo wa nailoni ulioganda, akauweka mezani mbele ya mama yake. Ndani yake mlikuwa na bonge jeusi, kama tope lililoshikwa na baridi. Juu yake palibandikwa karatasi nyeupe: *Persimoni kavu. Novemba 2011. Masalio.*

Mwandiko ulikuwa wa Yaeko.

Nani asiyejua namna moyo wa mama unavyoporomoka? Hauanguki kwa kishindo. Unateleza taratibu, na uso unabaki palepale. Yaeko aliuangalia mfuko ule aliokuwa ameufukia chini kabisa ya friza, nyuma ya samaki na chini ya pakiti za tambi, akahama nao nyumba moja, akabadilisha friza mbili, na hakuwahi kuthubutu kuutupa.

"Ni za bibi yangu," Koharu aliwaambia wenzake. Sauti yake ilikuwa kavu, ya mtu aliyejizoeza usiku kucha. "Alinilisha hizi nikiwa na miaka minne. Nataka kujua alinilisha kiasi gani."

Wote walilifahamu jambo lile, bonde ni dogo. Bibi Toyono Hangai, yule wa juu kwenye mashamba ya persimoni, ndiye aliyempa mjukuu tunda lililokatazwa. Mwanawe akahama na mkewe na mtoto, na mpaka leo mama na mwana husalimiana kwenye mazishi tu.

"Mama Hangai?" mwalimu aliuliza polepole. "Ni sawa tukipima?"

Angeweza kusema hapana. Angeweza kusema mfuko umeharibika, haufai, kanuni haziruhusu. Kanuni alizijua yeye, wao hawakuzijua. Lakini Koharu alikuwa akimtazama, na macho yale yalikuwa ya Bibi Toyono mtupu, macho yasiyopepesa.

"Ni sawa," alisema Yaeko.

Hakukuwa na haja ya kukata. Alishazikata, miaka kumi na miwili iliyopita, kwenye ubao huu huu, wiki ya kwanza ya mafunzo yake ya kazi, wenzake walipokwenda kula, ili azipime kwa siri. Aliziyeyusha kwenye maji ya uvuguvugu, akalijaza kopo. Akamwaga kidogo mezani.

Ryoga, ambaye kwao walikausha persimoni vizazi vinne, akainama akanusa.

"Mbona nyeusi?"

"Za zamani," Koharu akajibu.

"Hata. Za kwetu za zamani ni za dhahabu mpaka leo. Hizi hazikufukizwa kwa moshi wa kibiriti cha salfa, ndiyo maana zimekuwa nyeusi. Bibi yako hakufukiza? Si ana chumba chake kabisa cha kufukizia, kikubwa kuliko cha kwetu?"

"Labda mwaka ule hakufukiza."

"Bibi Toyono? Asifukize?" Ryoga akatikisa kichwa kama mzee. "Yule angefukiza hata jiwe."

Yaeko akaliingiza kopo ndani ya shimo la mashine, akavuta mfuniko wa risasi kwa mikono miwili. Ukajifunga kwa sauti ya chini, ya kuridhika. Akabonyeza. Kwenye kioo ikaanza kuhesabu kurudi nyuma: dakika thelathini.

*

Dakika thelathini ni ndefu. Watu walioleta vyakula vyao chumbani pale walikuwa wakivuta sigara nje, wakilalamikia mvua, wakirudi kuuliza, "Bado?" Siku hizi hawakuja. Wawili watatu kwa mwezi, na uyoga wa msituni. Mwezi wa tatu mwakani chumba kingefungwa, na Yaeko alishaambiwa arudishe funguo na aproni.

Mwalimu Shibukawa alimwaga mezani dadu mia moja ndogo za mbao.

"Hizi ni atomu zenu za sesiamu, ile ya mionzi iliyotoka kinuni. Zirusheni. Kila iliyoonyesha moja, ile yenye kitone chekundu, imevunjika. Iondoeni. Zilizobaki mzirushe tena. Mara nne hivi, na nusu itakuwa imekwisha. Chukulieni kwamba hiyo ndiyo miaka thelathini."

Zikavurumishwa. Krrrrr mezani, vicheko, vidole vikichagua vitone vyekundu. Themanini na tatu. Krrrrr. Sabini. Yaeko alisimama kando ya mashine, mguu mmoja ukipumzisha mwingine, kisha akabadilisha, kisha akabadilisha tena. Alipangusa meza. Alikunja kitambaa, akakikunjua. Kwenye kioo mchoro ulikuwa unaota kama nyasi, nukta kwa nukta, na mahali pale alipopajua nyasi zilikuwa zinaanza kunyanyuka kuwa kichuguu.

Mwaka ule Bibi Toyono alisema mapema kabisa, kabla hata ofisi ya kilimo haijawaomba wakulima wasitundike persimoni za kukausha: "Mwaka huu hatutundiki." Miti arobaini ilizaa mpaka matawi yakavunjika, na bibi akaziacha zote ziozee mtini, ziliwe na kunguru. Kila jambo lilikuwa limekatazwa. Koharu alikatazwa mchanga, alikatazwa nyasi, alikatazwa dirisha. Alilala na barakoa. Siku moja ya Novemba mtoto alisimama nyuma ya kioo, akaona matunda mekundu juu ya miti isiyo na majani, akalia kwa kuyataka, analia bila sauti kama mtu mzima.

Basi Yaeko alichuma hamsini jioni moja mkwewe alipokwenda kuoga. Alizimenya chumbani kwake ghorofani. Alizimenya nene, nene mno, nusu ya nyama ikaenda na ganda, kwa sababu alijua, au alidhani anajua, kwamba uchafu ni vumbi na vumbi hukaa juu ya ngozi. Ukiondoa ngozi umeondoa uchafu. Nani angemwambia kwamba mti ulikunywa kwa gome lake lote, ukapeleka mpaka ndani ya tunda? Akazitundika kwenye dirisha la chumba cha kulala, bila kibiriti, maana moshi ungemsema. Zikawa nyeusi. Koharu akala mbili kwa siku, mpaka karibu mwaka mpya, na akanyamaza kulia.

Krrrrr. "Hamsini na nane!" mtu akapiga kelele.

Kisha Masanori, mumewe, dereva wa lori, akarudi safari moja akamkuta mtoto ana utomvu mweusi mdomoni. Alipiga meza. Nani? Nani amempa? Yaeko alifungua mdomo. Ndipo kutoka jikoni, bila hata kugeuka kwenye sinki, Bibi Toyono akasema, "Mimi."

Neno moja tu. Kwa nini alilisema? Yaeko alijiuliza usiku ule, akajiuliza walipokuwa wakipakia vitu kwenye lori, akajiuliza kila siku ya mwaka mpya waliyokaa watatu katika nyumba ya kupanga wakila mchele wa dukani. Kesho nitasema, alijiambia. Majira ya kuchipua nitasema. Mtoto akianza shule nitasema. Mtoto akaanza shule, akakua, na Yaeko akawa mama wa kupima: alipima mboga za chakula cha shule, akamkatalia mwanawe theluji, akamkatalia safari ya kupiga kambi, akamkatalia machipukizi ya mianzi. Majirani walisema, mwacheni, aliumizwa na mkwewe.

"Mama Hangai, mbona kichuguu ni kimoja?" mwalimu aliuliza. Alikuwa amesogea kwenye kioo. "Njooni, tazameni. Mwaka ule zilitoka sesiamu mbili, kama ndugu. Huyu mkubwa nusu yake ni miaka thelathini. Mdogo nusu yake ni miaka miwili. Yuko wapi mdogo?"

"Amekufa," akasema msichana mmoja.

"Amepungua mpaka mashine haimwoni. Mkubwa ndiye huyu. Bado amekaa."

Dakika nne. Mbili. Mezani zilibaki dadu chache, na moja ilikuwa imekataa kuonyesha kitone chekundu mara kumi na sita. Waliibatiza jina la mkuu wa shule.

Mashine ikalia. Karatasi ikatoka kidogokidogo, na Yaeko akaichana kama alivyochana maelfu. Aliisoma kwa sauti kwa kuwa ndiyo kazi yake.

"Bekereli mia moja arobaini na nane kwa kilo."

Koharu alikuwa ameshashika chaki. Aliandika haraka, mgongo umenyooka, nywele zimeanguka usoni. Miaka kumi na mitatu nyuma. Akarudisha ndugu mkubwa: mia mbili. Akamfufua ndugu mdogo kutoka kuzimu: mia moja sitini na tano. Akapiga mstari. Mia tatu sitini na tano.

"Kiwango kinachoruhusiwa sasa ni mia moja," alisema. "Hii ni mara tatu na nusu. Hiki ndicho bibi yangu…"

"Si bibi."

Yaeko hakujua kama amelisema kwa sauti mpaka alipoona uso wa Ryoga. Chaki ilisimama ubaoni.

"Si bibi yako," alirudia. Alikuwa ameishika karatasi ile kwa mikono miwili mbele ya aproni, kama mtoto anayesoma shairi darasani. "Bibi yako hakutundika hata moja mwaka ule. Nilizitundika mimi. Chumbani, kwenye dirisha. Ndiyo maana nyeusi. Niliogopa moshi wa kibiriti."

Mahali fulani dadu moja ilianguka chini, ikabingirika, na hakuna aliyeinama.

"Bibi alisema ni yeye," Koharu alisema.

"Alisema."

"Na wewe ulikuwepo."

"Nilikuwepo."

"Umeniacha nimchukie…" Sauti ilikatika. Koharu aligeuka akatazama ubao, kana kwamba msaada uko pale, na ajabu ni kwamba mkono wake ukaanza tena kuandika. Mbili kwa siku. Gramu mia. Siku ishirini. Akazidisha. Akamuuliza mwalimu namba moja ya kuzidishia bila kumtazama, na mwalimu Shibukawa, masikio yakiwa mekundu, akamtajia kwa sauti ya chini. Chaki ikalia kwenye ubao. Mwisho akazungushia duara.

Ryoga, ambaye hakuweza kustahimili kimya, akasoma jibu, akahesabu kwa vidole.

"Hii ni… hii ni ndogo kuliko mionzi unayopata ukipanda ndege kwenda Amerika. Ndogo sana. Si ndiyo, mwalimu? Na mtoto mdogo huitoa mwilini baada ya mwezi mmoja miwili, ulitufundisha. Basi si vizuri? Koharu? Namba ni ndogo."

"Ndogo," Koharu alisema. Aliweka chaki chini taratibu sana. "Miaka kumi na mitatu iandikwe wapi?"

Akachukua koti lake. Wakamsikia akivaa viatu mlangoni bila kufunga kamba, kisha baiskeli ikitoka.

*

Mwalimu alitaka kumfuata. Yaeko alisema, "Mwache," na akashangaa kuona bado ana kazi ya kumaliza. Alitoa kopo. Aliurudisha ule weusi ndani ya mfuko wake. Aliosha kijiko, kopo na ubao. Alikiosha kisu mara tatu. Wanafunzi walivaa viatu kimya, na Ryoga, akiwa wa mwisho, aliinama mbele yake kwa adabu ambayo hakuna mwalimu aliyewahi kuipata kwake, akasema, "Mama, bibi yangu naye alitundika. Alizila yeye. Hakumwambia mtu," kisha akakimbia.

Yaeko hakwenda nyumbani. Alijua baiskeli imeelekea wapi kwa namna mama anavyojua, kwa mifupa. Alitembea kwenda juu, na kila hatua mguu mmoja ulitaka kurudi. Angemwambia nini mkwewe? Samahani? Neno hilo tunalisema tukimkanyaga mtu kwenye foleni. Akasimama. Akatembea. Akasimama tena kwenye kona ya mashine ya kuuzia vinywaji, akasoma majina yote ya vinywaji, na hakununua kitu.

Kisha ikaja miti. Majira ya baridi yale, baada ya wao kuhama, watu wa bonde lote walikodi mashine za maji wakaosha miti yao na kuikwangua magome theluji ikiwa magotini. Bibi Toyono, na miaka yake sabini na moja, aliikwangua arobaini yake peke yake. Masanori hakwenda. Yaeko alipita barabarani siku moja na gari, akamwona juu ya ngazi, kikoi cha kichwani kimeganda barafu, anakwangua. Hakupunguza mwendo. Mpaka leo mashina ya miti ile yalikuwa meupe na laini kuliko ya jirani, kama miguu ya watoto.

Baiskeli ilikuwa imelazwa mlangoni, gurudumu halizunguki. Kwenye baraza, viatu vya Koharu vilikuwa vimetupwa, kimoja huku kimoja kule. Yaeko aliviinamia akavipanga. Hakuweza kujizuia.

Harufu ya kibiriti ilikuwa imejaa ua mzima. Persimoni zilining'inia katika nyuzi ndefu, safu kwa safu, za dhahabu, na chini yake Bibi Toyono alikuwa amekaa juu ya mto mwembamba, kikapu upande huu, ndoo ya maganda upande ule. Koharu alikuwa amekaa mbele yake, magoti yamekunjwa, uso umevimba. Hakumwangalia mama yake.

"Umekuja," alisema bibi, bila kuinua macho.

Yaeko alipiga magoti kwenye udongo, chini ya baraza, paji la uso likagusa mbao. Maneno aliyoyapanga barabarani yote yalikimbia.

"Inuka, utapata baridi. Huyu mtoto amekwisha nieleza, na kwa kelele, mpaka jirani amefunga dirisha." Kisu cha bibi kilizunguka tunda, na ganda likatoka jembamba kama karatasi ya nta. "Nilijua siku ileile. Nilikuta maganda kwenye rundo la mbolea, umeyafunika na majani ya figili. Manene, hivi." Akaonyesha kwa kidole. "Nikasema, loo, huyu mkwe wangu. Hajui kumenya hata kidogo."

"Mama… kwa nini ulisema ni wewe?"

Bibi alifikiri. Alimenya tunda zima akifikiri.

"Mwanangu alikuwa amekasirika. Mimi alikuwa hawezi kunipa talaka." Akatupa tunda kikapuni. "Nilidhani utasema baada ya wiki moja. Kisha nikadhani baada ya mwaka. Kisha nikanuna. Mimi nami najua kununa."

Koharu alivuta pumzi kwa pua, kwa nguvu, kama anayetaka kusema jambo.

"Masanori anarudi lini?" bibi aliuliza.

"Jumamosi."

"Jumamosi." Mkono mzee ukapapasa nyuma ya kikapu, ukatoa kisu cha pili, kifupi, mpini umefungwa kwa kitambaa. Ukakiweka ukingoni mwa baraza, kati ya mama na binti, makali yakielekea kwake mwenyewe. "Kuna kilo sitini hapa, na jua halingoji."

Yaeko aliinuka, akakaa ukingoni mwa baraza, akakitazama kisu. Alimtazama Koharu. Binti yake alinyoosha mkono, na kwa kitambo Yaeko hakujua kama anakichukua au anakisogeza. Alikichukua. Akachagua tunda, akaligeuza kitakoni, akaanza. Ganda lilitoka nene mno, likakatika. Akaanza tena, taratibu, ulimi umetoka kidogo pembeni ya mdomo kama alivyofanya akiwa na miaka minne, na ganda likaanza kushuka, jekundu, jembamba zaidi kidogo, likirefuka, likining'inia hewani juu ya magoti ya mama yake ambaye hakuthubutu kupumua lisije likakatika.